Madaktari, tuambieni mnapitia wapi

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wako. Mimi ni mkazi wa Mwanga hapa Kigoma na nina neno kuhusu wagonjwa wetu wa moyo na wale wanaowatibu, neno lenyewe ni hilohilo moja, KUPASULIWA.

Dada yangu anauza dagaa Kibirizi. Alipojifungua mtoto wa pili akaanza kuishiwa pumzi, ndoo moja ya maji anapumzika mara tatu njiani, usiku halali mpaka aegemee mito, na kikohozi juu. Tukatibu pumu. Tukapima TB, hakuna. Mwisho eko, ile ultrasound ya moyo, ikaonyesha valvu ya moyo (kile kilango cha kupitishia damu) imebana, damu haipiti sawasawa inarudi kujaa kwenye mapafu. Daktari wa kituo tulichokuwa tunaenda (sikitaji, si yeye peke yake mwenye tabia hiyo) akaandika rufaa huku anaangalia karatasi, akasema huyu ni wa kwenda Dar kupasuliwa moyo, haya mwingine aingie. Dakika tatu hazikufika.

Sasa mtu wa huku ukimwambia kupasuliwa moyo anaona msumeno, anaona kifua kimefunguliwa kama samaki wa kukausha. Shemeji akakataa, mama akakataa, wazee wakasema afadhali afie hapa kuliko turudishiwe maiti kutoka kilomita 1,200 na zaidi. Miezi 14 ikaondoka hivyo kwenye mizizi na maombi. Simlaumu shemeji, hata mimi moyoni nilikuwa upande wake ila nilijifanya msomi.

Aliyetutoa hapo ni dokta mmoja kijana tuliyemkuta siku dada amezidiwa. Alichukua bahasha ya eksrei, akaigeuza nyuma, akachora mtu kwa kalamu, akachora mstari kutoka kwenye kinena unapanda mpaka kifuani, akasema shemeji angalia, tunapita hapa. Panachomwa ganzi, panatobolewa katundu, unaingizwa mrija mwembamba kwenye mshipa wanaufuata kwa picha za eksrei mpaka ndani ya moyo, kwenye ncha kuna kaputo, likifika kwenye valvu linajazwa, valvu inaachia, puto linanywea na kutolewa. Mgonjwa yuko macho. Shemeji akauliza, kwahiyo kifua hakiguswi? Hakiguswi. Alikaa kimya kidogo halafu akasema mbona hamkusema siku zote!

Tukapanda treni. Kule Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ile JKCI ya pale Muhimbili, walimpima upya kwanza wakaona anafaa, wakamfanyia. Jioni nilimkuta amelazwa chali haruhusiwi kukunja mguu, kinenani kuna bandeji ndogo kama ya mtu aliyejikata na kisu, anadai chai.

Na jamani hii siyo majaribio kama wengine wanavyosema vijiweni. Mwaka 1929 daktari wa Kijerumani Werner Forssmann alijiingiza mwenyewe mrija kwenye mshipa wa mkono akausukuma mpaka moyoni akaenda kwa miguu yake kupigwa eksrei kuthibitisha (kichaa kweli, lakini 1956 wakampa Nobeli). 1977 Andreas Grüntzig kule Zurich akazibua mshipa wa moyo kwa puto. Siku hizi wanapitia hata kwenye kifundo cha mkono hapa wanapopimia mapigo, wanaacha kiwaya cha kushikilia mshipa usizibe tena, na watoto wengine wenye tundu kwenye moyo wanazibiwa kwa njia hiyohiyo ya mshipa.

Si kila mtu anafaa, hilo nalo lisemwe wazi. Valvu ikiwa inavujisha sana au imekakamaa kama chokaa, au kuna bonge la damu ndani ya moyo, puto linaweza kuwa hatari, na wapo ambao kifua lazima kifunguliwe na wanapona. Na puto halifuti ugonjwa, dada bado anachoma penisilini kila baada ya wiki nne maana valvu yake iliharibiwa na homa iliyoanzia kwenye koo utotoni, yale mafindofindo tunayowapa watoto maji ya chumvi tunasema yataisha.

Ombi langu ni kwa hawa wataalamu wa JKCI wanaozunguka mikoani na tiba mkoba. Mkija mnapima watu mpaka usiku, asanteni sana, lakini tengeni nusu siku mkae na matabibu wa zahanati na vituo vya afya, wale ndio wanaotuona kwanza na ndio wanaotutisha bila kukusudia, na wengi wao huo mtambo wa kupitishia mrija hawajawahi kuuona hata kwenye video. Leteni mrija na puto wavishike. Barua ya rufaa iandikwe kwa Kiswahili mgonjwa anaenda kuangaliwa kwa njia ipi, mshipa au kifua, au kwamba bado haijajulikana. Na sisi wagonjwa tuache kuitikia "ndiyo dokta" halafu tunaenda kukatalia nyumbani, uliza palepale mnapitia wapi, nitakuwa macho, nikikataa itakuwaje.

Juzi kaja mama mmoja wa Gungu, barua yake ya rufaa iko kwenye mkoba tangu mwezi wa nne imeshaanza kuchanika kwenye mikunjo, anataka aone alama ya dada pale mrija ulipopita. Dada kamwingiza chumbani wakafunga mlango. Nikasikia "hapa tu?" halafu kicheko. Walipotoka mama akaniuliza treni ya Dar inaondoka siku gani.

Msomaji wako,
Mwanga, Kigoma.