Kabla hujapakua, uliza mlango wa kutokea

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako tumezipata. Sisi huku Tanga hatujambo, ila bibi yako bado anasumbuliwa na goti. Umeniuliza uchukue programu ipi ya bure ya kutunza paswedi, maana hapo hosteli kila mtu anasifia yake.

Mimi nisingeanza na ipi ina mambo mengi. Ningeuliza: siku nikitaka kuhama, nitatoka na vitu vyangu vyote? Cha bure ni cha mwenyewe, na mwenyewe hubadilisha nia. LastPass, mojawapo ya programu hizi, ilipendwa sana na wasiolipa, kisha Machi 2021 ikawataka wachague kati ya simu na kompyuta. Anayetaka zote mbili alipie. Mwaka uliofuata wezi wakaingia kwenye mifumo yake wakaondoka na nakala za hazina za wateja, yaani mahali programu inapotunza paswedi zao. Paswedi zenyewe zilikuwa zimesimbwa, yaani zimefichwa zisisomeke bila ufunguo, lakini anwani za tovuti zilikuwa wazi. Na ambaye paswedi yake kuu, ile moja inayofungua hazina nzima, ilikuwa nyepesi, mwizi anaweza kukaa nayo nyumbani akibahatisha usiku na mchana, hakuna wa kumfungia baada ya mara tatu.

Kwa hali yako, simu ya Android na kompyuta za maktaba, ningechukua Bitwarden. Toleo la bure halikuhesabii paswedi wala vifaa, msimbo wake, maandishi yanayoiendesha programu, uko wazi wataalamu waukague, na inakuruhusu kutoa orodha yako nzima kama faili. Faili hilo lisipofungwa kwa paswedi yake lenyewe, yeyote akilifungua anasoma kila kitu, kwa hiyo usiliache kwenye simu, na kwenye WhatsApp usilitume kabisa.

KeePass naiheshimu zaidi. Ipo tangu 2003, haina kampuni inayokushikia chochote: hazina yako ni faili moja unayokaa nayo mwenyewe. Kwenye Android utatumia KeePassDX, kwenye kompyuta KeePassXC. Lakini nakujua. Simu mbili zimeshakupotea kwenye daladala, na nakala ya faili lazima mtu aiweke pengine kwa mkono wake. Ukiniahidi utafanya hivyo kila mwezi nitacheka.

Ile ya Google iliyomo ndani ya Chrome si mbaya, na ni bora mara mia kuliko kutumia jina lako na mwaka wa kuzaliwa kila mahali. Shida yake ni kwamba kila kitu kinaning'inia kwenye akaunti moja. Ukifungiwa Gmail, umefungiwa na vingine vyote.

Sasa paswedi kuu. Usitunge sentensi ya maana, wala mstari wa kaswida au wimbo. Fungua kamusi bila kuangalia, chukua maneno matano au sita yasiyohusiana, yaandike kwa mpangilio yalivyotoka. Bitwarden hawaijui paswedi hiyo na hawawezi kukurudishia ukiisahau. Ukipiga simu ukalia, watakusikitikia tu. Kisha washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya paswedi unaombwa pia namba ya muda, kwa programu ya kutoa namba hizo kwenye simu, na usiutegemee ujumbe wa SMS, kwa sababu laini za simu huibwa kwa kusajiliwa upya kwa jina lako. Utapewa na namba ya kurejesha, ya kukuingiza siku simu ikipotea. Hiyo nayo iandike.

Maktaba, au kwa yule kijana wa steshenari, usifungue hazina kwenye kompyuta yao hata ukiwa na haraka ya kuchapa fomu ya mkopo. Soma paswedi kwenye simu yako, uiandike kwa vidole, ukimaliza utoke kwenye akaunti. Namba ya siri ya M-Pesa hainihusu hapa, ibaki kichwani.

Anza na barua pepe, kwa kuwa akaunti nyingine zote hurejeshwa kupitia hiyo. Halafu chuo, halafu mkopo. Instagram itasubiri.

Paswedi kuu na namba ya kurejesha ziandike kwenye karatasi moja, uitie kwenye bahasha na kuigundisha. Shangazi yako anapita Dodoma Jumamosi, mpe ailete. Mama yako ataiweka sandukuni pamoja na hati ya shamba. Usiipige picha.

Nikutakie mitihani myema,
Baba yako