Barua ya wazi kwa Rais wa chuo cha binti yangu: rudisheni voliboli nyumbani

Mheshimiwa Rais,

Pokea salamu zangu. Nimeandika kwa Kiswahili ili wazazi wenzangu tuliotoka Afrika Mashariki, wenye watoto wanamichezo huku Marekani, waisome pia. Ya Kiingereza imeshafika ofisini kwako, kama zilivyofika barua zangu mbili ambazo hadi leo sijajibiwa.

Jumatatu iliyopita, saa kumi alfajiri, binti yangu alinipigia simu kutoka uwanja wa ndege. Nilikuwa zamu ya usiku katika makao ya wazee, nimetoka kumgeuza mgonjwa kitandani. Timu ilikuwa imecheza Jumapili upande wa Atlantiki, ndege ya kuunganisha ikachelewa, na sasa walikuwa wakingoja basi. Alikuwa amekalia begi lake, goti limefungiwa mfuko wa barafu iliyokwisha kuyeyuka, daftari la kemia mapajani. Mtihani ulikuwa saa mbili asubuhi. Hakulia. Aliniuliza tu: "Mama, nikiyaacha maswali matano ya kwanza, bado naweza kupita?"

Hakupita, Mheshimiwa.

Ulipotuita wazazi kutueleza kwa nini chuo kinaihama Pac-12, ligi ya michezo ya vyuo vya magharibi mwa Marekani, ulituambia tunakwenda kukaa na vyuo vya hadhi yetu kitaaluma. Ukatuahidi masomo yatatangulia. Nikapiga makofi. Mimi ni mtoto wa mwalimu, nikisikia neno taaluma nasimama.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari hizi kila nikipata mapumziko kazini. Stanford na Berkeley, vyuo vilivyokuwa Pac-12, walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa AAU, jumuiya ya vyuo vikuu vya utafiti, mwaka 1900. Kama hadhi ya masomo ndiyo ingefungua mlango, wangeitwa wa kwanza. Lakini Agosti 2023 Big Ten, ligi nyingine ya michezo ya vyuo, iliwachukua Oregon na Washington kutoka Pac-12 hiyohiyo, ikawaacha hao wawili nje. Wakaishia ACC, ligi ya pwani ya Atlantiki, tena kwa kukubali sehemu ndogo ya mapato ya televisheni. Nebraska nayo ilipoteza uanachama wa AAU mwaka 2011, mwaka uleule iliojiunga na Big Ten, na bado imo. Oregon State na Washington State, vyuo vyenye watafiti wa kilimo wa kuheshimika, viliachwa peke yao katika Pac-12, ligi iliyoanza mwaka 1915. Nani alipima masomo hapo?

Mimi nadhani ni televisheni. Agosti 2022 Big Ten ilifunga mkataba wa miaka saba na Fox, CBS na NBC, ulioripotiwa kuzidi dola bilioni 7, na hizo ni hasa fedha za futiboli ya Kimarekani. Sizionei wivu. Futiboli inacheza mara moja kwa wiki, kwa kawaida Jumamosi, na wanasafiri kwa ndege ya kukodi. Voliboli mara nyingi ni mechi mbili kwa wiki, katika ndege za abiria wa kawaida, na saa za pwani ya Atlantiki zimetutangulia kwa tatu. Fedha zinaingia kwa mlango wa futiboli, uchovu unalipwa na mabinti.

Na kama ni ushirikiano wa kitaaluma mnaoutaka, mbona hauhitaji mpira? Chuo Kikuu cha Chicago kiliondoka Big Ten mwaka 1946. Mwaka 1958 kikaungana na vyuo hivyohivyo katika kamati ya ushirikiano wa masomo. Maprofesa walishirikiana miaka na miaka bila mtoto yeyote wa Chicago kukosa mtihani kwa ajili ya ligi hiyo.

Ombi langu ni moja. Futiboli ibaki huko iliko. Voliboli irudi kucheza na majirani, mahali ambapo basi linafika na mtoto analala kitandani kwake. Nimeliandika mara mbili na sasa naliandika mara ya tatu: voliboli irudi nyumbani. Ukishindwa msimu ujao, tupe mwaka na uuandike.

Alhamisi hii wanasafiri tena. Profesa amemruhusu binti yangu kurudia mtihani Ijumaa akiwa hotelini, katika chumba anacholala na wenzake watatu. Ameniomba nimtafutie vizibo vya masikio.

Wako kwa heshima,
Mama wa mchezaji wako