Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Kusoma Katuni Siku kwa Siku

Ndugu wanachama, mabibi na mabwana,

Nawasalimu nyote kwa heshima, ninyi mliofika ukumbini na wenzetu ambao, kwa sababu ya zamu za bandarini au foleni ya feri ya Likoni, wataisoma taarifa hii baadaye. Katiba yetu inamtaka mwenyekiti aeleze kila mwaka kazi iliyofanywa, na kazi ya chama hiki ni moja tu: kusoma katuni za mfululizo za magazetini, za leo na za zamani, na kuzihakiki kwa uadilifu. Nitaeleza tulichosoma na tulipokosea, kisha nitafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu halifai kungoja mwaka mwingine.

Wengi wetu tulijifunza kusoma katuni barazani. Gazeti lilikuwa moja na vichwa vilikuwa vingi, mwenye miwani akiwasomea wasio nayo, na vile visanduku vitatu au vinne vya siku hiyo vilizungumzwa mpaka muuza kahawa akusanye vikombe vyake. Mji huu una ukale wake katika kusoma magazeti, maana hata Standard lilianzia hapa Mombasa mwaka 1902 kabla ya kuhamia Nairobi. Leo mwanachama aliye Kisauni anaweza kufungua simu yake akaisoma Peanuts ya Charles Schulz tangu siku ya kwanza, tarehe 2 Oktoba 1950, ilipotoka katika magazeti saba ya Marekani, mpaka Jumapili ya mwisho, tarehe 13 Februari 2000, siku moja baada ya mchoraji mwenyewe kufariki. Hizo ni katuni 17,897, na mistari na herufi zake alizichora yeye mwenyewe bila kuajiri msaidizi. Kupata hazina kama hiyo mkononi ni neema kubwa. Hata hivyo imebadilisha jicho la msomaji, na mwaka huu tumetumia vikao vingi kuelewa imelibadilisha vipi.

Katika kikao cha Machi, mwanachama mmoja alileta malalamiko aliyoyaandika vizuri kuhusu katuni moja ya visa vya kusisimua, ambayo alikuwa ameisoma ya miezi miwili kwa usiku mmoja. Alisema mtunzi anawadharau wasomaji kwa sababu kila siku kisanduku cha kwanza hurudia yale yaliyoonekana jana. Tulipozisoma upya, moja kwa siku kwa muda wa wiki tatu, yeye mwenyewe alisimama akaondoa malalamiko yake. Katuni ile ilitengenezewa mtu anayenunua gazeti Jumatatu, akalikosa Jumanne kwa kukosa senti, akalipata tena Jumatano. Marudio yale yalikuwa ni hisani kwa msomaji, sawa na mhadithi anayewakumbusha watoto walipoishia jana usiku. Ukizila siku sitini kwa mkupuo mmoja, hisani hiyo hugeuka karaha, na kosa huwa limetokana na namna ulivyosoma.

Tangu kikao hicho tumekuwa waangalifu zaidi, na tumegundua mambo mengine ya aina hiyo hiyo. Katuni nyingi za siku za kazi zilichorwa kwa wino mweusi tu, na rangi tunazoziona kwenye simu mara nyingi zimetiwa na mikono mingine, kwa hiyo si haki kumlaumu mchoraji kwa shati lililokuwa jekundu jana na leo ni kijani. Katuni huchorwa wiki kadhaa kabla ya kuchapishwa, na zile za Jumapili huchorwa mapema zaidi. Anayeuliza kwa nini katuni ya leo imenyamazia msiba wa juzi hajauliza swali la haki. Tena katika katuni za Jumapili za Marekani, safu ya juu mara nyingi huchorwa kwa namna ambayo mhariri mwenye nafasi finyu anaweza kuiondoa bila kuharibu kisa. Ndiyo maana baadhi yetu tulikuwa tunaona mzaha mdogo umetangulia mzaha mkubwa, tukadhani ni udhaifu wa utunzi. Bill Watterson, aliyechora Calvin and Hobbes kuanzia Novemba 1985 hadi tarehe 31 Desemba 1995, alipambana na utaratibu huo mpaka akakubaliwa kuwa na nusu ukurasa wa Jumapili usiokatwa. Mwanachama anayelinganisha Jumapili zake za mwanzo na zile za baada ya ushindi huo ataona kwa macho yake jinsi visanduku vilivyopanuka, vikainama, na mahali pengine vikatoweka kabisa.

Katika nusu ya pili ya mwaka tuligusia pia Gasoline Alley, iliyoanza mwaka 1918. Ndani yake mtoto mchanga aliachwa mlangoni Februari 1921, naye akakua na kuzeeka pamoja na wasomaji wake. Hatukuimaliza, wala sikutarajia tuimalize.

Mjadala uliotuchukua muda mrefu zaidi ulikuwa wa Julai, kumhusu Franklin, mtoto mweusi wa katuni ya Peanuts. Wale ambao hawakuhudhuria wanapaswa kujua msingi wake. Martin Luther King aliuawa tarehe 4 Aprili 1968. Siku kumi na moja baadaye, mwalimu mmoja wa California aitwaye Harriet Glickman alimwandikia Schulz barua akimsihi aingize mtoto mweusi miongoni mwa watoto wa Peanuts. Schulz alijibu kwa kusita, akisema anahofia asije akaonekana anawatazama watu weusi kutoka juu. Barua ziliendelea kwenda na kurudi, na wazazi weusi pia wakamwandikia, hata ilipofika tarehe 31 Julai mwaka huo Franklin akatokea. Alitokea ufukweni akiwa na mpira ambao Charlie Brown, mhusika mkuu wa Peanuts, alikuwa ameupoteza, wakajenga pamoja ngome ya mchanga, na katika mazungumzo yao tukaarifiwa kwamba baba yake Franklin yuko vitani Vietnam.

Wanachama waligawanyika pande mbili, na kila upande ulikuwa na hoja nzito. Wa kwanza walisema hapa ndipo panapoonekana thamani ya mhakiki: msomaji wa kawaida, asiye na cheo wala jina, aliandika barua ya adabu yenye hoja, na katuni iliyosomwa na mamilioni ikabadilika. Wa pili walisema tutazame kilichofuata. Charlie Brown ana hofu zake, Lucy ana ukali, Linus ana blanketi lake, na kila mmoja ana ila inayomfanya akumbukwe. Franklin alipewa adabu na busara, lakini ila hakupewa, na mhusika asiye na ila katika katuni ya vichekesho hubaki amesimama pembeni akiwasikiliza wenzake. Mama mmoja wa Kibokoni alisema jambo ambalo nimeliandika kama alivyolitamka: «Mgeni akikaribishwa nyumbani akaambiwa akae tu, asishike kazi yoyote, basi bado ni mgeni.» Binafsi naamini pande zote mbili zilisema kweli. Barua ile ilifungua mlango, na hofu ambayo Schulz aliikiri mwenyewe ndiyo iliyouzuia mkono wake usimpe Franklin ukamilifu wa kibinadamu aliowapa wengine. Nilitoka kikaoni usiku ule nikiwa na furaha niliyokuwa sijaipata kwa muda mrefu, kwa sababu watu wa Mombasa walikuwa wamebishana kwa saa mbili juu ya visanduku vinne vya mwaka 1968 bila yeyote kumvunjia mwenzake heshima.

Huyo huyo mama ndiye aliyetupa, katika kikao cha Septemba, kipimo ambacho nadhani ni chetu wenyewe. Alileta leso tatu akazitandaza mezani. Alituonyesha pindo, mji, yaani picha ya katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa, akauliza: kama jina lingebadilishwa, je, picha ya katikati ingebaki na maana ile ile? Kwenye leso nzuri, alisema, jina na mji husemezana, na mvaaji huongeza neno la tatu kwa kuchagua siku ya kuivaa na mtu wa kupita mbele yake. Kisha akaichukua katuni tuliyokuwa tunaihakiki, akayafunika maneno ya viputo kwa karatasi, na akatuuliza tunaona nini. Hatukuona kitu ila vichwa viwili vinavyotazamana. Hapo tukaelewa kwa nini katuni ile ilikuwa inatuchosha: maneno yalibeba mzigo wote, na mchoro ulikuwa umekaa tu. Tangu siku hiyo tumekuwa tukianza kila uhakiki kwa kufunika maneno kwanza na kusoma mchoro peke yake, na napendekeza mkutano huu uuthibitishe utaratibu huo rasmi.

Sasa nifike kwenye kosa letu, ambalo kwa sehemu kubwa ni langu. Mwezi wa Mei kijana mmoja wa hapa hapa, anayejifunza uchoraji, alituletea katuni zake kumi na mbili. Baadhi ya wanachama walizihakiki kwa ukali waliouzoea kwa watunzi walio ng'ambo ya bahari wasioweza kuwasikia. Walimcheka kwa herufi zake na kwa mikono ya wahusika wake, na hakuna aliyeuliza kisa kilikuwa kinaelekea wapi. Nilikuwa kwenye kiti na sikuwazuia. Kijana alikusanya karatasi zake kwa upole, akashukuru, na hakurudi. Nimekwenda kwao mara mbili kuomba radhi. Mara ya pili tulizungumza kwa kirefu, akaniambia kilichomuumiza zaidi ni kwamba tulisoma tatu tu kati ya zile kumi na mbili. Naomba radhi tena mbele yenu. Kamati imekubaliana kwamba kuanzia sasa hakuna mwanachama atakayetoa hukumu juu ya katuni yoyote kabla ya kusoma mfululizo wake wa angalau siku thelathini, au zote zilizopo kama hazifiki idadi hiyo, na kwamba mtunzi akiwepo atazungumza kwanza.

Kisa hicho kimenifanya nitafakari zaidi juu ya wachoraji wa kwetu. Eneo hili halikukosa watunzi. Juha Kalulu wa Edward Gitau alianza kuonekana miaka ya 1950, akaendelea kwa miongo mingi katika Taifa Leo, na wengi wetu tulimjua juha huyo kabla hatujajua kusoma sawasawa. Dar es Salaam walikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. James Tumusiime kutoka Uganda alituletea Bogi Benda, kisha akarudi kwao na kuanzisha kampuni ya vitabu Kampala. Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyeishi Nairobi hadi alipofariki mwaka 2012, alituchorea Akokhan, na baadhi ya wanachama wangali wanaweza kusimulia visa vyake bila kukosea.

Lakini tulipopanga mwezi wa Novemba uwe mwezi wa Juha Kalulu, tulikwama. Katuni ya Marekani ya mwaka 1950 niliipata kwa kugusa kioo cha simu mara mbili. Katuni ya Kiswahili niliyoisoma utotoni sikuweza kuipata kwa mfululizo wa hata wiki moja. Tulipata picha moja moja, nyingine zimekatwa kando, nyingi hazina tarehe. Baada ya kujifunza mwaka mzima kwamba katuni ya mfululizo haihakikiwi kwa kipande kimoja, tulijikuta hatuna njia ya kumtendea haki mtunzi wa lugha yetu. Jambo hili liliniuma, na sioni sababu ya kulificha.

Hazina ipo, ila imo majumbani. Tumeambiwa kuna mikebe ya biskuti Majengo na masanduku chini ya vitanda Changamwe yenye kurasa zilizokatwa na wazee wetu. Hewa ya bahari na mchwa havisubiri. Mwanachama mmoja alifungua sanduku la marehemu babake mwezi uliopita akakuta nusu ya karatasi zimegeuka unga.

Kuhusu fedha sina mengi: mhazini atawasomea hesabu, michango ililipwa, na akiba iliyobaki naomba itumike yote kununua bahasha za plastiki na kulipia picha safi za kurasa tutakazozipata. Kamati haitalipwa chochote kwa kazi hiyo.

Kazi hii ianze Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya alasiri. Kila mwenye ukurasa wa katuni ya Kiswahili, hata mmoja, na aulete ulivyo. Msizibandike kwa gundi, wala msizipige pasi ili kuzinyoosha. Zaidi ya yote, nawasihi msikate ukingo wa juu wa ukurasa hata kama umechanika, kwa maana hapo ndipo palipoandikwa tarehe, na bila tarehe hatutajua ipi ilitangulia ipi. Kijana niliyemtaja ameahidi kuja. Atatusaidia kupanga kurasa, na amekubali kuleta zile katuni zake kumi na mbili tuzisome kuanzia ya kwanza.

Naiwasilisha taarifa hii kwenu kwa heshima.

Mwenyekiti,
Mombasa