Mgonjwa wa upasuaji wa utumbo afuatiliwe hadi siku ya 30

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonikaa moyoni tangu nilipostaafu uuguzi, baada ya miaka mingi ya kusimama kando ya meza ya upasuaji hapa Tanga. Daktari bingwa wa utumbo mpana anapofanikiwa, watu huusifu mkono wake, wakasema ni mwepesi na haumwagi damu. Mkono ni muhimu, wala sibishi. Hata hivyo, mgonjwa wa utumbo tunayempoteza, mara nyingi hatumpotezi mezani bali wodini, siku ya tatu, ya tano au ya saba, pale sehemu ya utumbo iliyoungwa inapoachia na uchafu kuvujia tumboni, huku ndugu zake wakiamini kwamba hatari imekwisha kupita.

Hili si letu peke yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 wa upasuaji katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, ukaonyesha kwamba wagonjwa wetu ni vijana zaidi na wana maradhi machache kuliko wa mabara mengine, lakini uwezekano wao wa kufariki baada ya upasuaji ni mara mbili ya wastani wa dunia. Wengi mno kati ya waliofariki walifariki baada ya siku ya upasuaji kupita. Kisu kilikuwa kimemaliza kazi yake. Kilichokosekana ni jicho la kumwona mgonjwa anapoanza kubadilika.

Nayasema haya nikiwa na kidonda changu. Kaka yangu mkubwa, mvuvi wa Kigombe, alipatwa na utumbo kujisokota, ugonjwa ambao madaktari wa Afrika Mashariki wanaufahamu sana, akapasuliwa katika hospitali ambayo sitaitaja. Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Usiku wa nne mapigo ya moyo wake yalikuwa 118 kwa dakika, na baada ya saa mbili yakafika 126. Mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa zamu aliziandika namba zote mbili kwenye chati kwa peni ya buluu, kwa mwandiko safi kabisa, kisha akaitundika chati miguuni pa kitanda kama alivyofundishwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia ni namba gani inayomlazimu kumwamsha daktari. Kulipokucha tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Alirudishwa thieta, yaani chumba cha upasuaji, akawekewa mfuko wa haja tumboni, na kwa rehema za Mungu alipona, ila alikaa miezi mingi bila kushuka baharini. Sijawahi kumlaumu yule binti. Aliona, akaandika, kilichokosekana ni amri ya kumpigia mtu simu.

Baadaye nilibahatika kufanya kazi na daktari bingwa aliyejikita katika utumbo mpana na njia ya haja kubwa. Wiki yake ya kwanza hakutuonyesha ufundi wowote wa kushona. Aliomba daftari la thieta, akauliza kila aliyepasuliwa utumbo mwaka uliopita yuko wapi. Tulijua waliofia wodini. Waliorudi Pangani, Mkinga na Handeni hatukujua lolote juu yao, na nakumbuka aibu iliyotupata tukiwa tumelizunguka lile daftari, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa amezoea kusema kwamba wagonjwa wetu wanaendelea vizuri.

Alibandika karatasi ukutani: mapigo yakipita 110, pumzi zikiongezeka, mkojo ukipungua au mgonjwa akisema tu kwamba anajisikia vibaya, nipigieni, hata iwe saa nane usiku. Alitueleza kwamba utumbo unapoachia, mapigo mara nyingi hupanda mapema, kabla tumbo halijakaza, na kwamba yeye anaona heri aamshwe bure mara kumi kuliko kuachwa alale mara moja. Tulimwamsha bure mara nyingi kweli. Hakuwahi kufoka, na hilo ndilo lililotufanya tuendelee kumpigia.

Mezani nako alidai ile orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2008 ikiwa na vipengele 19, isomwe kwa sauti na kwa Kiswahili: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kuchana ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka thieta. Wasomaji wengi hawajui kwamba Tanzania ina sehemu yake katika historia ya orodha hii. Ilipojaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, Ifakara ilikuwa mmojawapo, pamoja na London, Toronto na Manila, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Lakini karatasi peke yake haimwokoi mtu. Nimewahi kuona orodha ikijazwa yote mara moja, vema baada ya vema, mgonjwa akiwa ameshapelekwa wodini. Kwa daktari yule kila mtu alisimama, akataja jina lake na kazi yake, mtaalamu wa usingizi akathibitisha kwamba antibayotiki imeingia ndani ya saa moja kabla ya kisu, na daktari mwenyewe akasema anachokihofia katika tumbo lile. Mwishoni gozi, vile vitambaa vya kufyonzea damu, zilihesabiwa na watu wawili, mmoja akitaja na mwingine akiitikia. Siku moja hesabu ilipungua gozi moja, naye akakataa kufunga tumbo hadi ilipopatikana, imeganda damu nyuma ya ini.

Yapo pia mazoea tuliyorithi bila kuyauliza. Mgonjwa alikuwa anakatazwa hata maji tangu saa sita usiku, akakaa na joto la Tanga hadi adhuhuri, ilhali inajulikana kwamba mtu mzima asiye na tatizo la pekee anaweza kunywa maji au chai ya rangi mpaka zibaki saa mbili kabla ya kupewa dawa ya usingizi. Ndugu walikuwa wakiambiwa wamnyoe kwa wembe usiku wa kuamkia upasuaji, jambo linaloikwaruza ngozi na kuukaribisha usaha. Baada ya upasuaji uji ulizuiwa kwa siku kadhaa. Henrik Kehlet, daktari wa upasuaji wa Denmark, alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba mgonjwa wa utumbo akipunguziwa maumivu vizuri, akalishwa mapema na kuinuliwa kitandani mapema, anaweza kurudi nyumbani baada ya siku chache tu.

Ombi langu ni moja, nalo nalielekeza kwa Mganga Mkuu wa Mkoa na kwa bodi za hospitali zote zinazopasua utumbo mkoani kwetu: kila mgonjwa ajulikane hali yake siku ya 30 baada ya upasuaji, na matokeo hayo yasomwe kila mwezi mbele ya madaktari, wauguzi na wataalamu wa usingizi. Norway ilifanya hivyo kwa saratani ya puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, kuanzia mwaka 1993. Madaktari wake walifundishwa upasuaji ulioelezwa na Bill Heald wa Basingstoke, Uingereza, na kila hospitali ikarudishiwa matokeo yake iyalinganishe na ya nchi nzima. Saratani kurudi palepale kulipungua sana. Mpango wetu wa taifa wa upasuaji, uzazi na usingizi uliandaliwa kwa miaka ya 2018 hadi 2025. Sasa ndio wakati wa kudai kwamba utakaoufuata uhesabu watu waliopona, pamoja na majengo na vifaa.

Wapo watakaosema wauguzi ni wachache, na ni kweli. Muuguzi mmoja mwenye vitanda thelathini hawezi kupima mapigo kila saa. Basi aanze na wale waliopasuliwa utumbo wiki hiyo, ambao kwa kawaida hawazidi wanne au watano. Wapo pia watakaoogopa kwamba takwimu zitageuzwa fimbo. Ndiyo maana nasema zisomwe ndani kwanza, bila jina la daktari, hadi watu wazoee kuzitazama.

Simu ya siku ya 30 inachukua dakika tano: kidonda kimekauka, unakula, choo kinapatikana, homa ipo, umelazwa tena popote? Hospitali itakayokuwa tayari kuanza, mimi nitafika asubuhi mbili kwa wiki kupiga simu hizo, bila malipo.

Muuguzi mstaafu,
Chumbageni, Tanga