Risala ya Kikundi cha Kina Mama wa Kliniki kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, waheshimiwa viongozi, wahudumu wetu, kina mama wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mungu kwa uzima, na wewe kwa kuja licha ya majukumu mazito. Mgeni wetu wa mwaka jana naye alikuwa na majukumu, hatumlaumu.

Kikundi kilianza na wanachama 9, leo tuko 41. Mafanikio yetu ni makubwa mno: tuna daftari la mahudhurio, mabenchi mawili (moja la kuazima), na elimu ya kisukari cha mimba imefika kila kona.

Ndugu Mgeni Rasmi, kisukari hiki hakipigi hodi. Homoni za kondo la nyuma huizuia insulini ya mama, ile inayoshusha sukari mwilini, kufanya kazi sawasawa, sukari ikapanda na mwenyewe asijue. Ndiyo maana hupimwa kati ya wiki ya 24 na ya 28, kwa kunywa gramu 75 za glukosi kabla hajala kitu. Akigundulika, iwe anatibiwa kwa mpangilio wa chakula au kwa sindano za insulini, lazima apimwe mara kwa mara.

Mwenzetu mmoja hakupimwa. Mtoto alikuwa na kilo 4.6, kichwa kilitoka, mabega yakakwama. Watu wakampongeza kwa kuzaa bonge la mtoto, huku mtoto mwenyewe akitetemeka mikono. Kitovu kikishakatwa, sukari ya mama hukoma, ila insulini ambayo kongosho la mtoto limezoea kuimwaga bado imejaa, hivyo sukari yake huporomoka. Muuguzi alikimbia wodi ya jirani kuazima stripu moja, kile kijikaratasi cha kupimia sukari.

Kuazima, kwa sababu glukomita, mashine ya kupimia sukari, tunayo, ila stripu zake hatuna. Tulikabidhiwa mwaka jana kwa makofi na picha nyingi. Stripu 50 ziliisha kabla ya mwezi kwisha. Nyingine tuliahidiwa "wiki ijayo", zikaja baada ya miezi saba, za mashine ya aina nyingine. Haziingii. Tumezitunza kabatini, ukipenda utaonyeshwa.

Hatuombi jengo wala jiwe la msingi. Tunaomba stripu za kila mwezi, glukosi ya kupimia, na kipimo kingine wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, kwani waliougua wako katika hatari kubwa ya kupata kisukari cha aina ya 2 baadaye. Jina la mashine tumeliandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi uliyopewa. Tunaomba pia utaje tarehe. Katibu ameshika kalamu.

Tunaomba kuwasilisha.