Risala ya Chama cha Kilimo kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Sisi wanachama wa Chama cha Kilimo tunakukaribisha shuleni kwetu, hapa Nakuru, kwa furaha kubwa. Wengi wetu ni watoto wa wafugaji na wenye bucha, na ndiyo maana mwaka huu tulichagua kuchunguza historia ya kiwanda cha nyama cha Athi River.

Mheshimiwa, kabla ya Tume ya Nyama ya Kenya (KMC) ilikuwako Liebig, kampuni yenye makao London, iliyotajirika kwa kupika nyama ya ng'ombe huko Fray Bentos, Uruguay, hadi ikawa rojo nzito. Ilipojenga kiwanda Athi River mwishoni mwa miaka ya 1930, ilihitaji ng'ombe wengi kwa bei ya chini. Serikali ya kikoloni, ikidai kwamba mifugo ilikuwa imezidi Ukambani na udongo unamomonyoka, ikaanza kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe wao na kuwauza kwa lazima. Mwaka 1938 wanaume, wanawake na watoto walikwenda Nairobi, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakitaka kusikilizwa na Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini hatimaye serikali ililazimika kuuacha mpango huo. Habari hii ilitugusa sana, kwani wengi wetu tulilijua jina lake kama jina la barabara tu.

Tume yenyewe iliundwa kwa sheria mwaka 1950. Baada ya miaka mingi ya kuuza nyama ndani na nje ya nchi, ililemewa na madeni ikafungwa. Ilifunguliwa tena mwaka 2006, na mwaka 2020 ikawekwa chini ya Wizara ya Ulinzi. Kwa maoni yetu, kiwanda cha nyama husimama kwa hiari ya mfugaji: asipopata bei ya haki, tena kwa wakati, ng'ombe wake atampa dalali.

Mheshimiwa, tuna ombi moja. Tunakuomba utusaidie kupata basi la kutupeleka Athi River muhula ujao, tukajionee jinsi ng'ombe anavyokaguliwa kabla na baada ya kuchinjwa, na jinsi mfugaji anavyopimiwa na kulipwa. Tukirudi tutawasomea wazazi wetu ripoti siku ya mkutano wao.

Ni sisi,
Wanachama wa Chama cha Kilimo