Anayempeleka mtoto mjini si mgeni kijijini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie usafirishaji haramu wa binadamu, hususan sura yake ambayo magazeti yetu, na lako likiwamo, huigusa kwa nadra. Habari zinazopata ukurasa wa mbele ni za lori lililokamatwa likiwa na raia wa Ethiopia waliobanwa katikati ya mizigo wakielekea kusini mwa Afrika, au za binti aliyekwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za ndani akanyang'anywa pasipoti. Ni habari zinazostahili kuandikwa, ingawa safari za malori mara nyingi huanza kama magendo ya kuvusha watu waliolipa wenyewe, na hugeuka usafirishaji haramu pale wanapozuiliwa na kutumikishwa. Hata hivyo, msomaji anayepata habari za aina hiyo peke yake huishia kuamini kwamba kosa hili ni lazima livuke mpaka, na kwamba mhusika ni mtu asiyefahamika. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mtoto huondoka mchana kweupe, kwa basi la abiria, mama yake akimsindikiza hadi stendi, na anayempeleka ni jirani au mtu wa ukoo.

Msimu wenyewe unajulikana. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba na kidato cha kwanza huanza Januari, na katika miezi hiyo ya kati mtoto yuko nyumbani, mzazi hajui kama atafaulu, na akifaulu hajui sare, madaftari na chakula vitapatikana vipi, kwani ada ilifutwa hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016 lakini gharama nyingine zimebaki mezani. Hapo ndipo simu inapopigwa kutoka Dar es Salaam: kuna familia njema inatafuta msichana wa kazi, mtulivu, asiyejua mambo ya mjini. Mtafutaji, ambaye kijijini ataitwa shangazi na mjini ataitwa dalali, anaahidi kwamba mtoto atasomeshwa cherehani na kwamba mshahara utatumwa kwa wazazi kila mwezi. Anaacha fedha kidogo za kuanzia, na nauli analipa tajiri.

Nauli hiyo ndiyo kamba ya kwanza. Mtoto akishafika huambiwa kwamba nauli pamoja na malipo ya dalali ni deni lake, na kwamba atalifanyia kazi hadi liishe. Mshahara wake, ukiwapo, huwa "anatunziwa". Simu hana, jina la mtaa alioletwa hakuwahi kuambiwa, na mwenyeji wake humwonya kwamba akitoka getini polisi watamkamata. Huamka wa kwanza na kulala wa mwisho, na baadhi ya mabinti hufanyiwa mambo na wanaume wa nyumba ambayo hawana wa kumweleza. Anayetoroka hupokelewa stendi au sokoni na mwingine mwenye ahadi mpya, mara nyingi ya kazi ya baa au nyumba ya wageni. Wavulana nao wana njia zao, zikiwamo kuuza mayai na karanga mitaani kwa hesabu ya bosi, kuchunga mifugo na kuchimba dhahabu katika machimbo madogo; na wapo watoto wenye ulemavu waliovushwa hadi Nairobi kuketishwa barabarani waombe, jioni fedha zikachukuliwa na waliowaleta.

Sheria haina shaka juu ya jambo hili. Tangu mwaka 2008 tunayo Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu, iliyofuata itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000, na inatamka kwamba pale mwathirika anapokuwa mtoto, yaani mtu aliye chini ya miaka 18, ridhaa yake au ya mzazi wake si utetezi mahakamani. Hakuna haja ya kuthibitisha kwamba alidanganywa au alilazimishwa. Inatosha kwamba alichukuliwa, akasafirishwa au akapokewa ili atumikishwe. Mwaka 2022 Bunge liliifanyia marekebisho ili mkosaji asiweze kulipa faini akaepuka kifungo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa upande wake, inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliyefikisha umri huo inamruhusu kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Kwa hiyo "mama yake alinipa mwenyewe", sentensi ninayoisikia hata kwa watu wenye shahada, haimkingi aliyeitamka, na "namsaidia tu" haimkingi pia.

Sisemi kwamba kila mtoto anayelelewa kwa ndugu mjini ametekwa. Mila ya kumchukua mtoto wa kaka au dada na kumsomesha imewainua wengi wetu, na ni mila ya kuheshimiwa. Tofauti huonekana haraka kwa anayetaka kuiona: je, mtoto huyo huvaa sare asubuhi pamoja na watoto wa nyumba hiyo, au ndiye anayewapigia pasi? Je, anaongea na mzazi wake bila mtu kusimama pembeni?

Tunaosoma magazeti ndio waajiri, na hapo sioni sababu ya kuzungushana. Dalali hupeleka watoto wa miaka 13 kwa sababu wapo wanaomwagiza wa umri huo, wakiamini kwamba mkubwa ana maneno na hudai mshahara. Siku agizo hilo likikosekana, safari zake zitapungua bila doria yoyote.

Kwa upande wa serikali za mitaa naomba jambo dogo linalowezekana. Mtendaji wa kijiji atoe barua kwa kila mtoto anayesafiri bila mzazi, ikitaja anakokwenda, kwa nani, namba ya simu na shule atakayosoma. Nakala ibaki ofisini na nyingine ikabidhiwe kwa mwenyekiti wa mtaa anakofikia. Makarani wa mabasi waombe barua hiyo wanapokata tiketi ya mtoto aliyeongozana na mtu asiye mzazi wake. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto, ambazo katika maeneo mengi zipo kwenye makaratasi, zipewe kazi ya kupiga simu kila baada ya miezi mitatu kuuliza mtoto yu wapi. Na walimu wakuu wabandike ukutani, kabla ya mtihani wa Septemba, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo kupiga ni bure, pamoja na mahali lilipo dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi cha karibu, ili mtoto aondoke anavijua hivyo kwa kichwa hata kama simu atanyang'anywa.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Mufindi, Iringa